Nataka Kuwakanda Bure Waliopambana na Marburg, Mume Wangu Hataki

"Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Ngara mjini. Nilisomea masaji Mwanza na nikafanya kazi hotelini huko kabla ya kuolewa huku. Shemeji yangu alikuwa kwenye timu ya maziko Biharamulo wakati wa Marburg, mwanzoni mwa 2025. Siku zile nilifunga mafuta na taulo zangu nikaenda kuwakanda wahudumu bure. Nikarudishwa getini, hata jina sikuulizwa. Niliumia sana. Sasa ugonjwa umeisha lakini shemeji bado analia mgongo, usiku halali, na kijiweni kwao wamemtengea kikombe chake cha kahawa. Nataka niache vibarua vyangu miezi mitatu, nizunguke niwakande wote waliohudumu. Mume wangu amekataa, anasema watamcheka kuwa mkewe anauza mwili. Kuna bwana mmoja ana shirika, anasema nikimpa shilingi 80,000 ataniandikia barua ya kuingia popote. Nifanyeje? Na nikienda nitumie mafuta gani?" N.K., Ngara

Mwanangu N.K., barua yako ni ndefu kuliko nilivyoiweka hapa, na nimeisoma polepole, hasa pale ulipoandika kuwa shemeji yako siku hizi akija kwenu hatafuti kiti, anatafuta ukuta wa kuegemea. Wengi wasingeliona hilo. Wewe umeliona kwa sababu kazi yako ni kutazama migongo ya watu.

Basi nianze kwa kukutoa aibu. Wapo watakaokucheka: watu wanakufa, huyu anazungumzia masaji. Waache. Maafa yakiingia sote tunamtazama mgonjwa, na ni haki yake. Anayembeba mgonjwa hatumtazami mpaka naye aanguke. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hawa tunaowaita WAJA, mlipuko ukitokea kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba kuulizia homa. Kila aliyetangamana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, na hakuna siku ya kuruka. Fikiria njia zetu za vumbi, mtu yuko nyuma ya bodaboda, kila shimo linapokelewa na kiuno. Timu ya maziko inabeba na kushusha ikiwa ndani ya mavazi kinga yasiyopitisha upepo, jasho linatiririka mpaka kwenye buti. Msafishaji naye anashinda na ndoo za maji ya klorini, ainame, ainuke, ainame tena. Waandishi wa habari wakija, hakuna anayepiga picha kiuno cha msafishaji.

Wala wazo lako si geni duniani. Minara ya New York ilipoangushwa tarehe 11 Septemba 2001, kanisa la St. Paul's lililo jirani na kifusi liligeuzwa mahali pa kupumzikia wazimamoto, polisi na mafundi waliokuwa wakifukua. Kwa takriban miezi minane walipata humo chakula na mahali pa kulala, na walikuwemo wakandaji wa kujitolea waliowanyoosha mabega. Lakini angalia walikaa wapi. Walikaa ndani ya kanisa, si juu ya kifusi. Mchovu ndiye aliyewafuata, akishatoka zamu. Usione vyaelea, mwanangu. Nyuma ya huduma ile kulikuwa na wenye nyumba, na zamu, na utaratibu.

Kwa nini ulirudishwa getini

Hapa nitakusema kidogo. Yule aliyekuzuia angeweza kuwa na ulimi mtamu zaidi, nakubali. Mtu aliyetoka Ngara na mfuko wake begani alistahili kuulizwa jina na kupewa maji. Lakini kukuzuia alikuzuia kwa haki, na ningekuwa mimi pale ningekuzuia pia.

Kumbuka siku zile. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani alitangaza kuwa mgonjwa mmoja amekutwa na virusi vya Marburg, baada ya vipimo vya maabara tembezi ya Kabaile kuthibitishwa Dar es Salaam. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, hesabu ilisimama kwa wagonjwa 10: wawili waliothibitishwa maabara na wanane waliohesabiwa kutokana na dalili na mkondo wa maambukizi. Wote 10 walifariki. Hakupona hata mmoja. Miaka miwili nyuma, 2023, ugonjwa huohuo ulipoingia Bukoba Vijijini, waliugua watu 9 na wakafariki 6, na mmoja wa waliofariki alikuwa mhudumu wa afya.

Marburg hairuki hewani kama mafua. Hupita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, kama damu, matapishi, mate na jasho, ikaingia kwa mwingine kupitia ngozi iliyochubuka, macho au mdomo. Sasa niambie, kazi yako ni nini kama si ngozi kwa ngozi na jasho la mtu? Tena wahudumu wanaonawa klorini kutwa, mikono yao hukauka na kupasuka. Utaniambia ungevaa glavu. Zile glavu za mpira za kawaida mafuta huzilainisha mpaka zikachanika viganjani mwako, wewe bado unakanda.

Na kuna jambo linalonitisha kuliko hayo yote. Marburg huanza na homa ya ghafla, kichwa kuuma vibaya, mwili kuishiwa nguvu, na misuli kuuma kila mahali. Isome tena orodha hiyo kwa macho ya mkandaji. Anayekuja akisema "dada nikande, mwili wote umevunjika" ndiye mteja wako wa kila siku. Wakati wa mlipuko, huyohuyo ndiye asiyepaswa kuguswa na mtu asiye na mavazi kinga mpaka apimwe. Wewe ungempokea na taulo. Na mhudumu wa mlipuko ana ushujaa wake. Hapendi kuonekana ameshindwa mbele ya wenzake, kwa hiyo homa ataimeza na paracetamol, mgongo atakuletea wewe. Ungemkanda huyo, ukamkanda na mwenzake, jioni ukapanda gari la abiria la kurudi Ngara, ukapita Lusahunga, Nyakahura na Benaco umebanana na watu, ukafika nyumbani watoto wakakurukia shingoni.

Siku kama hizo hata msibani tunaambiwa tupungiane mikono tu. Kama salamu imezuiwa, kukanda kungeruhusiwaje? Kagera imepata Marburg mara mbili ndani ya miaka miwili, na mwitu na popo wake wanaobeba virusi hivyo hawajahama. Ikitokea tena, Mungu aepushe, kaa kwako. Hata shemeji akikupigia simu usiku kwa siri akuombe uende, usiende. Mwambie aseme homa yake kwa kiongozi wa timu.

Maafa hayafanani

Sikwambii kwamba mkandaji hana nafasi kwenye maafa yoyote. Tetemeko lililopiga Kagera alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17, likabomoa majumba na kuziharibu vibaya shule, Ihungo na Nyakato zikiwemo. Pale hapakuwa na kirusi cha kukuzuia. Mafundi na vijana wanaobeba matofali na mahema kwa wiki nyingi ungeweza kuwakalia pembeni ukawasaidia, almuradi usimguse aliyeangukiwa na ukuta kabla daktari hajamwona, na umefika kwa kuitwa.

Narudia hilo la kuitwa, kwa sababu sisi tuliokuwa wilaya hii mwaka 1994 tunaujua ugeni. Tarehe 28 Aprili wakimbizi wapatao 250,000 walianza kumiminika kutoka Rwanda kupitia daraja la Rusumo, na saa 24 hazikwisha wote wakawa wameingia. Kambi yao ya Benaco ikawa mji kabla wenyeji wa Kasulo hawajajua kinachoendelea. Nyuma yao yakaja mashirika kutoka kila pembe ya dunia. Waliokuja na matangi ya maji, dawa, magari yao na chakula chao waliokoa roho za watu. Walikuwepo pia waliokuja na moyo mzuri peke yake, na moyo mzuri nao hula, hulala, hutaka gari na hutaka mkalimani. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakati ule mara nyingine ni mwenyeji aliyekuwa akihangaika kumtafutia mgeni maji ya kuoga.

Sasa ndiyo zamu yako

Kabla ya kutangaza kwamba mlipuko umekwisha, wakubwa walisubiri siku 42 zipite bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya zile 21. Zilipita. Kwa hiyo shemeji yako na wenzake leo wanaguswa kama unavyomgusa mtu yeyote, na kikombe chao cha kahawa hakina kosa lolote. Hilo ulisema wazi huko kijiweni, usilinong'one.

Na hapa, mwanangu, ndipo ninapoona ubora wa wazo lako, pengine kuliko ulivyouona mwenyewe. Waliozika wakati wa ugonjwa wa namna hii hubaki na madhara mawili. Moja ni mgongo. La pili ni kuwa wameishi wiki nyingi bila mtu kuwagusa: watoto waliambiwa wasiwakimbilie, jirani akapita upande wa pili wa njia. Mtu aliyetengewa kikombe, akishikwa bega na mkono usiosita, anapata kitu ambacho semina haiwezi kumpa. Usianze na hotuba juu ya unyanyapaa. Mkande. Mkande barazani, mchana, watu wanapita wanaona.

Ila ujue kikomo cha mikono yako. Masaji hulegeza misuli, hupunguza maumivu kwa muda, humtuliza mtu akapata usingizi. Haiondoi sura za marehemu kichwani. Shemeji yako kutolala si kazi ya kiuno peke yake. Mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii au hospitalini aongee na mtu aliyefundishwa kusikiliza mambo hayo, na uende naye, maana akiambiwa "nenda" hataenda. Ikitokea mtu akaanza kulia ukiwa umemshika mabega, na hutokea, tuliza mkono, nyamaza, mwache. Usimuulize aliona nini kule. Akisema mwenyewe, sikiliza, na yasitoke hapo. Siku utakayomsimulia jirani maneno ya mzikaji, huduma yako imekufa.

Mengine unayajua tangu chuoni lakini nitayasema. Mwenye homa hakandwi, hata kama unaamini ni malaria tu. Mguu mmoja uliovimba, wa moto na unaouma usiuguse, huenda damu imeganda ndani na ukiisukuma ikapanda hadi mapafuni. Mgongo unaoambatana na ganzi, au mguu unaokosa nguvu, au mkojo usiozuilika, huyo ni wa Murgwanza, Nyamiaga au hospitali ya Biharamulo, tena siku hiyohiyo.

Neno la baba watoto

Usimdharau. Hajasema wewe ni mhuni, amesema watu watasema. Na watu watasema kweli, kwa sababu huko mijini wapo walioandika "masaji" mlangoni wakafanya biashara nyingine ndani. Jina la kazi yako limechafuliwa na wasioifanya. Unaweza kulikasirikia hilo maisha yako yote, au unaweza kuipanga kazi yako hivi kwamba mwenye maneno akose pa kuanzia.

Achana na kitanda, mkeka na chumba. Tumia kiti. Mtu akikigeukia kiti, akaegemeza kifua kwenye mgongo wa kiti juu ya mto, nguo zake zote mwilini, utamfikia shingo, mabega, mgongo wa juu, mikono na viganja. Robo saa inatosha. Mlango wazi, au nje chini ya mti. Awepo mtu wa tatu kila wakati, na kwa wanaume ningependa mtu huyo awe mume wako mwenyewe kwa siku za mwanzo. Mwite aje aone. Kisha anza na yeye: mkalishe kwenye kiti hicho mbele ya mama yake, umkande robo saa. Mwanaume akishajua kwa bega lake kinachofanyika, maneno ya kijiweni humwingia kwa shida.

Akikataa hata baada ya hapo? Basi wakande wanawake kwanza. WAJA wengi ni kina mama, na wauguzi pia. Huko hana hoja, na wewe unakuwa na kazi ya kutosha. Lakini kumtoroka kwa kisingizio kwamba unakwenda kusalimia ndugu Biharamulo, hapana. Utaonekana barabarani, habari itamfikia kabla hujarudi, na hapo hata mimi sitakuwa na la kukutetea.

Miezi mitatu ni mingi

Umeandika una vibarua. Kibarua ukikiacha miezi mitatu hukikuti, hilo ninyi vijana mnalijua kuliko mimi. Nauli ya kuzunguka Biharamulo, chakula, mahali pa kulala, na watoto wanabaki na nani? Usitegemee posho. Ukiwa na posho kichwani, siku wenzako watakapopata wewe ukakosa, utaondoka umenuna na watu wataikumbuka sura yako ya mwisho. Jumamosi mbili kwa mwezi, ukianzia kwa shemeji na timu yake, zinatosha. Ukiweza kuzishika mwaka mzima utakuwa umewafaa kuliko aliyekuja miezi mitatu akachoka. Tena kila utakayemkanda mwachie kitu cha kufanya bila wewe: namna ya kunyoosha shingo na kiuno akishuka kwenye bodaboda, namna ya kukunja magoti anapoinua ndoo badala ya kuvuta kwa mgongo.

Huyo bwana wa shilingi 80,000

Usimpe. Hata elfu tano usimpe. Hakuna shirika moja lenye barua ya kuingia popote, na wakati wa maafa ndiyo kabisa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 ziko kamati za maafa kuanzia mkoani na wilayani hadi chini vijijini. Anayetaka kusaidia hupitia huko. Mlango wako uko karibu kuliko unavyodhani. Nenda ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya na cheti chako cha Mwanza, nakala na siyo maneno, na umuulizie mratibu wa tiba asili na tiba mbadala. Huyo atakueleza kama kazi yako inahitaji kusajiliwa kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya 2002. Kisha nenda Msalaba Mwekundu ujiandikishe kama mtu wa kujitolea wa kawaida, ufundishwe huduma ya kwanza na namna ya kujikinga na maambukizi. Jina lako likiwa kwenye daftari kabla ya maafa, siku ya maafa watakuwa na la kukupa, hata kama ni kugawa maji au kujibu simu. Na huenda likawa si kukanda. Ukubali.

Ukirudi Biharamulo, fika kwanza ofisi ya kijiji na kituo cha afya, ujitambulishe, uwaachie namba yako. Usimtafute yule wa getini.

Mafuta gani? Kwenye kiti, juu ya nguo, hutayahitaji. Kwa viganja na mikono iliyokauka kwa klorini tumia mafuta yasiyo na manukato, ya alizeti ya kula yanafaa, kidogo tu, baada ya kuuliza kama kuna mahali palipopasuka. Palipopasuka paruke. Zile dawa za kuchua zenye pilipili na menthol ziache nyumbani. Juu ya ngozi iliyochubuliwa na klorini zitamfanya mtu aruke kitini. Chukua taulo safi moja kwa kila mtu, sabuni, na ndoo yenye koki, unawe kabla na baada ya kumkanda kila mmoja, mbele ya macho yake.